Fundi Asitoke

Matroni wa nyumba ya wazee alikuwa chini ya kitanda cha Fundi Cherehani, akitafuta kamba.

"Binti yangu, umepoteza nini huko?" mzee aliuliza, kitabu kifuani.

"Usinifanye mtoto, mzee! Wiki nzima unawasomea wenzako habari za watu waliotoroka kambi za mateso. Unataka kutoka!"

"Nasoma tu, mama. Ni habari za kweli. Hawa ndugu wawili wamejificha ghalani, askari wako nje na mbwa. Niache nijue kama walifika."

"Kwa hiyo na hapa ni kambini?"

"Toba! Kule watu waliuawa. Hapa tunanyweshwa uji tu."

Matroni hakucheka. Siku hizo hakuwa na cha kucheka: binti yake wa pekee kajifungua, na mkurugenzi kamnyima ruhusa ya kwenda kumwona mjukuu. Tena kamwonya kwamba mzee mmoja akipotea, kazi hana. Basi akampokonya Fundi kitabu, akaenda nacho ofisini akisome mwenyewe, aijue njama yote. Roho ilimuuma mzee wa watu. Ameachwa palepale penye mbwa!

Mlinzi wa getini naye akapewa amri. "Fundi asitoke. Hata likipita jeneza, fungua uchungulie."

Jamani, mlinzi alijituma! Alipekua kapu la nguo chafu, akapekua gari la mikate, akamvuta ndevu daktari mgeni akidhani ni Fundi kajibadilisha. Na Fundi kwa utundu wake akawa anapita karibu na geti kila asubuhi, akipiga mluzi.

Ajabu, matroni hakumkemea. Alijifungia ofisini anasoma, chai inapoa mezani. Siku moja akatoka macho mekundu.

"Fundi, watu wale waliwezaje?"

"Walitaka kuwaona tena watu wao," mzee akamjibu. "Nirudishie kitabu changu basi."

Hakurudishiwa.

Jumamosi asubuhi mkurugenzi aliingia chumbani mbio, mlinzi nyuma yake. Fundi alikuwa kitandani, soksi miguuni.

"Huyu hapa, bosi!" mlinzi alipiga kelele. "Hajatoka! Sijampa mwanya hata kidogo!"

"Nani kakuuliza habari za huyu?" mkurugenzi alifoka. "Fundi, matroni yuko wapi?"

"Hata mimi namtafuta," mzee akasema kwa uchungu. "Kaondoka na kitabu changu."