Tai ya Mtu Aliyelala

Asubuhi ya kwanza ya mafunzo ya wamisionari wazee, seremala mstaafu alisimama mbele ya kioo cha bweni, tai ikimning'inia shingoni kama kamba ya mbuzi. Siku zote mkewe ndiye aliyemfungia. Sasa mkewe ni marehemu, na ibada ilikuwa karibu kuanza.

"Lala kitandani," akasema mzee aliyepangiwa naye chumba. "Chali."

"Nilale? Kwani naumwa?"

"Mwenzio nimezeekea mochwari. Sijawahi kumfunga tai mtu aliyesimama."

Seremala akaguna. Jana, wakati wa kujitambulisha, alipoisikia kazi hiyo tu, alijifanya hakuuona mkono wa mzee huyu ukimnyooshea salamu.

Kengele ikalia. Akajilaza, akafumba macho, akingoja vidole vya baridi.

Vilikuwa na joto. Viliinua kola polepole, vikazungusha tai, vikakaza fundo kwa upole, kama vya mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Kisha vikatulia kifuani pake.

"Bado?"

"Tayari. Fumbua macho, ndugu yangu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kunitazama nikimaliza."