Redio ya Karani Edmond

Gamaliel alikuwa juu ya mkaratusi nyuma ya nyumba ya karani Edmond, waya ameushika kwa meno, na radi ilikuwa inanguruma upande wa Luena. Mtu mwingine angeshuka. Yeye alipanda tawi moja zaidi.

"Gamaliel! Ile radi haiwezi kufwata waya mpaka mu nyumba?" Edmond aliuliza kutoka chini, mikono mfukoni.

"Itafwata njia yenye minyi nitaipa, tata Edmond."

Alimwita tata, yaani baba, na neno lenyewe lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Huyu karani ndiye aliyemtia kaburini mdogo wake. Miaka miwili iliyopita nyaya za shaba zilipotea stesheni, na Edmond akaapa mbele ya wakubwa kwamba alimwona Urbain, mfunga breki wa treni, akizibeba. Urbain alifia gerezani kabla ya mvua kwisha. Wakamzika kama mwizi, bila hata wimbo mmoja. Tangu hapo mama yao, Mwadi, huenda bombani saa za jua kali, wanawake wengine wakishaondoka.

Gamaliel alitaka jina la mdogo wake lioshwe, na alitaka Edmond aumie. Alivitaka vyote viwili sawasawa, wala hakumficha Mungu.

Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Gamaliel, fundi wa telefoni za reli, aliinama. Karani alitamani redio kwa sababu karani mwenzake wa Luena alikuwa nayo. Gamaliel akasema, nitakuundia. Majuma matatu alizungusha waya kwenye koili, akatafuta taa za redio na betri, akapasua mbao za kisanduku. Edmond alicheka na wenzake mpaka machozi: ndugu wa mwizi amekuwa boi wangu!

Sasa, Jumapili hii, Gamaliel alishuka mtini, akaingiza waya wa anteni dirishani. Kisha akachukua waya mwingine, akaupitisha chini ya ua, upande wa kanisa la Wametodisti.

"Na ile?"

"Ya udongo. Kule karibu na kanisa udongo iko na maji. Bila ile hautasikia kintu."

Ibada ya mchana ilikuwa imeanza kitambo. Edmond hakwenda. Redio ya Elisabethville ingepiga muziki saa kumi, naye alitaka kuwa mtu wa kwanza mtaani kuusikia.

Gamaliel akazungusha kitufe. Kisanduku kikakoroma, kikapiga mluzi, mara gitaa likajaa chumbani. Edmond akapiga makofi kama mtoto. Gamaliel akapeleka mkono nyuma ya kisanduku, akageuza swichi, na gitaa likakatika.

"Tuache ipumuzike kidogo," alisema. "Tata Edmond, wakati tunangojea, tuongee ile maneno."

Edmond alijua ni maneno gani. Jumapili ijayo alitaka kusimikwa mzee wa kanisa, na desturi yao ilikuwa hii: wenye kisa huonana kwanza wawili peke yao, mlango ukifungwa, ndipo watu wengine wasikie. Pastere, mchungaji wao, alikuwa amemwambia waziwazi kwamba bila msamaha wa nyumba ya Mwadi hapati kiti. Basi akaufunga mlango mwenyewe.

"Weye unataka nini?"

"Kweli tu. Minyi siwezi kusamehe kintu yenye sijue. Uniambie, na kwa pastere sitakushitaki hata neno moja."

Edmond akatazama dirisha. "Kanisa leo banalala? Wimbo hata moja sisikii."

"Pengine banaomba. Ikala karibu na redio, tata. Kiti njo ile."

Yeye mwenyewe alirudi nyuma hadi ukutani. Radi ikapiga, karibu kuliko mwanzo, na vikombe vikatetemeka kabatini.

Edmond akaketi, akaweka kiwiko juu ya kisanduku. Alikuwa na tabasamu la mtu aliyeshiba.

"Sawa. Shaba, minyi njo niliuzisha. Bakubwa balianza kuuliza, ikafaa muntu moja akamatwe. Na mudogo yako alikuwa na kinywa mingi, alinichekaka mbele ya bantu. Njo nikamutaja."

"Alikuomba?"

"Aliniomba sana. Siku ya kumupeleka alinishika mikono, akalia. Nikamutemea mate." Akacheka kidogo. "Sasa unajua. Na nani atakuamini? Tuko babili tu humu."

Gamaliel alikuwa na koleo mkononi na shingo ya karani ilikuwa hatua mbili tu mbele yake. Alilikaza lile koleo mpaka vidole vikamuuma. Alimchukia mtu huyu kuliko alivyowahi kumpenda mtu yeyote.

"Useme mara ya pili," akasema. "Na jina yake."

"Ah, weye! Urbain hakuiba. Minyi, Edmond, njo niliiba. Unatosheka? Unanisamehe?"

Gamaliel aliinama juu ya kisanduku mpaka midomo yake ikakaribia kugusa kitambaa cha mbele, kama mtu anayeongea kwenye telefoni.

"Pastere," akasema taratibu, "munasikia?"

Na kutoka ng'ambo ya ua, kanisani, watu wote waliokuwa wamekizunguka kisanduku cha pili, kwenye ncha ya ule waya wa udongo, wakaitika kwa sauti moja:

"Tunasikia!"