Matone ya Lavenda

Kila alasiri Salha alichanganya mafuta ya lavenda na ya nazi, akamchua mama yake mgonjwa miguu, taratibu, mpaka usingizi umchukue. Majirani walimsifu: mtoto wa kike ndiye huyu! Hawakujua jinsi alivyouombea usingizi ule uje upesi, apate kukikimbia chumba kile.

Leo alidondosha mengine kwenye foronya. Mama akavuta harufu, akafumba macho, akaanza kukoroma. Salha akajitanda mtandio, akanyata. Moyo ulimsuta, lakini miguu ilikwisha fika mlangoni.

"Usiyamalize mafuta, mwanangu," mama alisema, macho bado kayafumba. "Ukitaka kutoka, niambie tu. Nitakoroma."

Salha alibaki ameshika kitasa, vidole vikinukia lavenda.