Vidole Vinane

Msumeno wa umeme ulinikata vidole viwili vya mkono wa kushoto, kidole kidogo na cha pete. Mimi ni fundi seremala. Mkono huo ndio niliopimia mbao kwa shubiri, kuanzia dole gumba hadi kidole kidogo. Wiki nne sikugusa ubao.

Asubuhi moja, kabla ya chai, mke wangu aliinamisha kichwa akasali. "Bwana, asante kwa vidole vinane."

Nikafumbua macho. "Unanicheka, mama watoto?"

"Sikucheki. Kila siku unamlilia Mungu hivyo viwili. Hivi vinane vimeshukuriwa na nani?"

Niliutazama mkono, nikatanua dole gumba na kidole kinachofuata. Hiyo ni futuri. Shubiri imekwenda, lakini futuri ninayo, na mababu zetu waliitumia kupimia nyumba nzima.

Niliacha chai nikakimbilia karakana nyuma ya nyumba. Nikapima ubao futuri kwa futuri, nikaubana, nikasukuma randa. Ikakwama. Nikasukuma tena, moyo unanidunda kama wa bwana harusi, na maranda yakatoka kama utepe mmoja mrefu usiokatika.

"Mama watoto, njoo uone! Bwana asifiwe, njoo."

Alisimama mlangoni, akacheka, kisha akashika mdomo. "Baba, unavuja damu."

Kidonda kilikuwa kimefumuka. Furaha ile ilinigharimu nyuzi tatu mpya, wiki mbili zaidi bila kazi, na ubao mmoja mzuri uliolowa damu.