Ukungu Ndani ya Darubini

Niliilaza bunduki yangu juu ya kaunta ya Verna, katika duka lake la silaha pale Montana, nikamwambia darubini ya bunduki imeingia ukungu. Tena kila nikifyatua hunirudia usoni na kunipasua nyusi. Mke wangu nimemwambia jeraha ni la dubu.

"Basi chukua darubini hii, mzee," akasema Verna. "Inafungwa mbele, juu ya mtutu, mbali na uso. Haikuzi sana, lakini unalenga macho yote mawili wazi."

Kibali cha kuwinda kondoo mwitu wa milimani nilikingoja miaka kumi na tisa. Jumamosi ndiyo siku yenyewe.

Akaipachika kwa muda kwenye bunduki yangu, nami nikaweka kitako bega la kulia, nikalenga kupitia dirishani bango la mkahawa ng'ambo ya barabara. Jicho la kushoto liliona barabara nzima, hata mbwa aliyelala. Ndani ya darubini, ukungu ule ule.

Nikafuta lenzi kwa shati, nikalenga tena.

"Mzee," Verna akasema taratibu, "hiyo imetoka kwenye boksi sasa hivi."

 Nikahamishia kitako cha bunduki bega la kushoto. Nikaona mpaka misumari ya bango.

"Tangu lini una shoto wewe?"

"Tangu ujana. Miaka yote nilikuwa nawaonea huruma tu hao wanyama. Ifunge."