Panya Aliyeogopa Kupulizwa

Siku moja ya zamani, Panya wa kufugwa alitupwa jalalani pamoja na kizimba chake, kwa sababu ya jipu kubwa ubavuni. Mama Kima akamwokota, akampakata, akawa analiosha jipu kwa maji ya chumvi huku akilipuliza ili maumivu yapoe.

Panya akasisimka manyoya. Ukoo wa panya huwapuliza nyayo watu waliolala, kisha huwatafuna. Akawaza, "Huyu anipulize bure? Hapa nitang'atwa sasa hivi."

"Tulia, mwanangu. Usaha ukibaki utakuua."

"Mwanao tangu lini?" Panya akamwahi, akamng'ata kidole mpaka damu ikachuruzika.

Kanga, jirani yake Mama Kima, akacheka. "Si nilikwambia, shoga? Mrudishe jalalani!"

Panya akafumba macho kungoja kulipizwa. Badala ya meno, akasikia tena ile pumzi ya vuguvugu ubavuni, mpaka usaha wote ukatoka.

Akafumbua macho, akakishika kile kidole kinachovuja damu, akakisogeza mdomoni.

"Ondoa mkono, shoga!" Kanga akapayuka.

Mama Kima hakuuondoa. Panya akakipuliza kidole, akapuliza tena, na safari hii hakuuma.