Swali Ambalo Hawakufundishwa

Kitendawili! Kina sura yangu na jina langu, lakini kinalala kabatini kwa mtu mwingine. Umeshindwa? Basi nipe mji: ni pasipoti ya mshonaji.

Mkaguzi wa kampuni inayonunua mashati ya kiwanda kimoja cha ng'ambo alimkalisha mshonaji kwenye chumba cha vitambaa, akafunga mlango.

"Pasipoti unakaa nayo mwenyewe?"

"Ndiyo, dada. Tunatunzwa vizuri."

Wenzake kumi na wawili walikuwa wamejibu hivyo hivyo, neno kwa neno, kama watoto wa darasa la kwanza.

Mkaguzi akaweka kalamu chini. "Tuiache karatasi, mwenzangu. Mwanao ana miaka mingapi?"

Hilo hawakufundishwa. Mshonaji akakitazama kidole chake cha shahada, kilichotobolewa na sindano hadi kikawa kigumu kama kokwa. Akakunja vidole kimoja kimoja, akavikunjua, akaanza upya.

Msimamizi akagonga mlango. "Bado tu? Mnasukana nywele humo?"

"Nadhani anaingia sita," mshonaji akanong'ona. "Nilimwacha na meno mawili. Simu na pasipoti walichukua siku niliyofika. Dada, sijawahi kumsikia akiniita mama."